Mdudu, Dawa na Darasa: Kazi Tatu za Mtaalamu Mmoja

(Haya ni mazungumzo yaliyotolewa mjini Iringa mbele ya walimu wa sayansi na watumishi wa serikali kutoka Mikoa ya Iringa na Mbeya.)



Nimeombwa nizungumze juu ya sayansi na maendeleo. Mada hiyo ni pana, na mtu akijaribu kuisema yote huishia kutosema lolote. Kwa hiyo naomba ruhusa yenu niipunguze. Nitazungumza juu ya mtu mmoja, wadudu wawili na ua moja. Mtu huyo ni Mtanzania mwenzetu. Mdudu wa kwanza ni mbu, ambaye hana haja ya kutambulishwa. Wa pili ni yule inzi mdogo mweusi wa kando ya mito ya Rungwe, aletaye ugonjwa wa usubi. Na ua ni pareto, ambalo wengi wenu mmeliona likianikwa juani katika nyua za wakulima wa Mufindi na wa milima ya Uporoto.

Kabla sijaanza, naomba tukumbushane jambo moja. Mwanafunzi wa sekondari anayelipenda somo la baiolojia akiulizwa anataka kuwa nani, aghalabu hujibu: daktari. Jibu hilo si baya. Taifa linawahitaji madaktari. Ubaya unakuja pale alama zinapokuwa pungufu. Hapo kijana hujiona ameanguka, na jamaa zake humpa pole kama waliofiwa. Akipelekwa kusomea ualimu, au akiajiriwa kituo cha utafiti kuhesabu viluwiluwi vya mbu, hudhani amepewa makombo ya karamu ya wenzake. Walimu mliopo hapa mnalijua hilo kuliko mimi, na sina shaka baadhi yenu mmeambiwa maneno hayo ana kwa ana. Nimekuja kusema kwamba fikra hiyo ni potofu, na kwamba inaligharimu taifa.

Ndugu Mwenyekiti, mtu ninayetaka kumtaja ni Profesa Wenceslaus Kilama. Huyu hakuanza na mgonjwa kitandani. Alianza na mbu. Alipokuwa akisoma shahada yake ya juu katika Chuo Kikuu cha Notre Dame, Marekani, alishughulikia swali ambalo kwa mtu wa kawaida lingeonekana kuwa la mchezo: kwa nini mbu wa jamii moja, wakinywa damu iliyo na vimelea vya malaria ya kuku, wengine huvilea vimelea hivyo mpaka vikakomaa, na wengine huvizuia visikue? Jibu lake, alilolichapisha pamoja na mwalimu wake George Craig mwaka 1969, lilikuwa kwamba tofauti hiyo mbu huirithi kutoka kwa wazazi wake, na kwamba inatawaliwa na jeni moja.

Malaria ya kuku! Naona baadhi yenu mnatabasamu. Mtumishi wa Hazina akiletewa leo ombi la fedha za kuchunguza malaria ya kuku katika tumbo la mbu, huenda akalirudisha kwa wino mwekundu. Lakini tafakarini maana yake. Ikiwa mbu mmoja anaweza kubeba ugonjwa na nduguye hawezi, na ikiwa tofauti hiyo inarithiwa, basi mbu si adui mmoja asiyebadilika, na malaria si amri isiyo na mlango. Hadi leo wanasayansi wanaotafuta njia ya kumfanya mbu asiweze kubeba malaria ya binadamu wanapita katika njia hiyo hiyo.

Mtaalamu huyo alirudi nyumbani akafundisha. Alikuwa mwalimu wa elimu ya vimelea huko Muhimbili, wakati Kitivo cha Tiba kilipokuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Wengi waliokuja kuwatibu wananchi wetu katika wilaya mbalimbali walipita katika madarasa ya aina hiyo, wakafunzwa kwamba homa ina mzizi, na kwamba mzizi huo mara nyingi una mabawa.

Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika. Tunapokumbuka kuvunjika huko, husema juu ya reli, ndege na posta. Hatusemi sana juu ya maabara. Lakini utafiti wa magonjwa nao ulikuwa kazi ya Jumuiya: malaria ilichunguzwa Amani, katika milima ya Usambara, na magonjwa mengine Mwanza. Tanzania ilikuta mikononi mwake majengo, vitabu na watafiti bila mama wa kuwalea. Ndipo Bunge lilipopitisha Sheria Namba 23 ya mwaka 1979 kuunda Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Mkurugenzi Mkuu wake wa kwanza alikuwa yule yule mtaalamu wa mbu, Kilama, naye aliiongoza kwa zaidi ya miaka kumi. Katika vituo vya Taasisi hiyo kimo cha Tukuyu, hapa hapa katika Nyanda za Juu Kusini.

Kazi yake ya tatu ilikuwa katika uwanja wa chanjo. Mwaka 1995 ulianzishwa mtandao wa Kiafrika wa kuandaa majaribio ya chanjo za malaria, ambao mwaka 2002 ulichukua jina la AMANET na kuwa na makao yake Dar es Salaam. Yeye ndiye aliyeuongoza. Makusudio yake yalikuwa wazi. Chanjo hutengenezwa na viwanda vikubwa vya ng'ambo, lakini ugonjwa uko kwetu. Basi majaribio ni lazima yafanyike kwetu. Swali ni hili: je, tutakuwa mahali pa kuchukuliwa damu tu, au tutakuwa na watafiti wetu, maabara zetu na kamati zetu za maadili zinazoweza kusema ndiyo au hapana? AMANET ilifundisha watafiti na wanakamati wa namna hiyo katika nchi nyingi za Afrika.

Wala jambo hilo halikuwa la nadharia. Chini ya milima hii ya Udzungwa, upande wa pili, katika kijiji cha Idete bondeni Kilombero, chanjo ya malaria iitwayo SPf66, iliyotengenezwa na Manuel Patarroyo wa Colombia, ilijaribiwa kwa watoto wadogo. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 1994 yalionyesha kwamba ilipunguza ugonjwa kwa asilimia 31. Watu walifurahi. Lakini chanjo hiyo hiyo ilipojaribiwa Gambia na Thailand haikuonyesha kinga. Nchi isiyo na wataalamu ingeshangilia tangazo la kwanza na kununua. Nchi yenye wataalamu husubiri, hulinganisha, huuliza. Miaka mingi baadaye, vituo vya Korogwe na Bagamoyo vilikuwa miongoni mwa vituo 11 vya nchi saba za Afrika vilivyoijaribu chanjo ya RTS,S, ambayo Shirika la Afya Duniani liliikubali mwaka 2021. Chanjo ya pili, R21, ilikubaliwa mwaka 2023, na Bagamoyo ilikuwa tena katika orodha ya waliojaribu. Kule Mbeya nako, pamoja na Dar es Salaam, yalifanyika majaribio ya chanjo ya UKIMWI yaliyojulikana kwa jina la TaMoVac. Kinga kamili ya UKIMWI haijapatikana, lakini vijana wetu wamejifunza kuitafuta.

Hayo ndiyo maisha ya mtaalamu mmoja wa viumbe: mdudu, dawa, darasa. Hakuacha kazi moja ili aanze nyingine kama mtu anayehama nyumba. Mdudu ndiye aliyemfundisha cha kufundisha, na wanafunzi ndio waliomwezesha kujenga taasisi.

Sasa twendeni Rungwe. Mito ya Kiwira, Mbaka na Lufilyo hushuka kwa kasi kutoka milimani kuelekea Ziwa Nyasa. Maji hayo yaendayo mbio, yanayotupendeza machoni, ndiyo anayoyataka inzi wa usubi. Tofauti na mbu apendaye maji yaliyotuama, yeye hutaga penye maji yanayopita kwa nguvu, na viluwiluwi vyake hujishikiza kwenye mawe na majani. Inzi jike akimuuma mtu humwachia vimelea. Minyoo mikubwa hukaa katika vinundu chini ya ngozi, na inaweza kuishi mwilini zaidi ya miaka kumi. Watoto wake, wadogo wasioonekana kwa macho, husambaa ngozini wakaleta mwasho usiomwacha mtu alale, na wakiingia machoni kwa miaka mingi huleta upofu.

Dawa inayotumika dhidi ya ugonjwa huo ni ivermectin. Mgawa dawa wa kijiji huja na fimbo ya kupimia kimo, mtu husimama mbele yake, na idadi ya vidonge hufuata urefu wake. Wachache katika wanaomeza vidonge hivyo wanajua vilikotoka. Vilitokana na vijidudu vya udongo uliochukuliwa Japani na Satoshi Ōmura, vikapelekwa Marekani kwenye kampuni ya Merck. Huko alikuwako William Campbell, mzaliwa wa Ireland, mtaalamu wa minyoo ya wanyama. Dawa ilikuwa ya mifugo kwanza. Lakini ilipoonekana kwamba inaua vimelea fulani vya farasi ambavyo ni jamaa wa vile vya usubi, Campbell alishauri ijaribiwe kwa binadamu. Mwaka 1981 mwenzake, Daktari Mohammed Aziz, alianza majaribio hayo Senegal. Mwaka 1987 kampuni ilitangaza kuitoa bure kwa ajili ya usubi.

Campbell alikaa Merck tangu 1957 hadi 1990. Alipostaafu alikwenda kufundisha katika Chuo Kikuu cha Drew, na alikuwa bado mtu wa darasa moyoni alipopewa Tuzo ya Nobel pamoja na Ōmura mwaka 2015. Nawaombeni mtazame: mtu wa minyoo ya farasi, kiwandani, kisha darasani, na mwisho wa mnyororo huo amesimama bibi wa Busokelo mbele ya fimbo ya kupimia kimo.

Hata hivyo, vidonge peke yake havimalizi kazi. Dawa hiyo huua watoto wa mnyoo, lakini mnyoo mkubwa haufi kwa urahisi. Kwa hiyo watu hawana budi kumeza mwaka baada ya mwaka, na wanakijiji wakichoka, ugonjwa hurudi. Ni nani atakayejua kama umekwisha kweli? Ni yule anayekamata inzi mtoni na kumpasua chini ya hadubini. Yule kijana aliyedhani amepewa makombo ndiye mwenye neno la mwisho.

Nije kwenye ua, ambalo linatuhusu kwa uchungu zaidi. Pareto ni mali ya milima yetu. Hupenda baridi na udongo wa juu. Sumu iliyomo katika ua lake huangusha wadudu upesi, nayo huharibika haraka kwa jua, ndiyo maana haikai ikachafua mazingira. Mafinga kuna kiwanda kinachoikamua. Lakini sifa ile ile ya kuharibika kwa jua ilikuwa kasoro kwa mkulima wa pamba na kwa mwenye nyumba anayetaka dawa idumu ukutani. Wataalamu wa nchi nyingine walikaa wakalisoma ua hilo, wakaijua sumu yake ilivyoundwa. Mwaka 1973, Michael Elliott na wenzake wa kituo cha Rothamsted, Uingereza, walitangaza sumu ya kutengenezwa inayofanana nayo na inayostahimili jua, iitwayo permethrin.

Matokeo yake mnayajua hata kama hamkuyajua kwa jina. Jamii hiyo ya sumu ilienea duniani. Bei ya ua la mkulima ilipata mpinzani asiyehitaji mvua wala palizi. Na mwaka 2003 kiwanda cha A to Z cha Arusha kilipoanza kutengeneza vyandarua vya kudumu kwa ufundi wa Kijapani, sumu iliyokuwamo katika nyuzi zake ilikuwa permethrin. Vyandarua hivyo vimeokoa watoto wetu, wala sisemi neno baya juu yake. Nasema tu kwamba ua lilikuwa letu, mbu alikuwa wetu, mtoto alikuwa wetu, na elimu ya katikati haikuwa yetu. Tulikuwa na mwanzo na mwisho wa hadithi. Kipande cha kati tukakinunua.

Na hadithi haijaisha. Mbu wengi sasa wamezoea sumu za jamii hiyo, na hazifi kwao kama zamani. Dunia inatafuta upya. Safari hii, je, tutakaa tena pembezoni?

Ndugu zangu, najua hoja itakayotolewa. Itasemwa kwamba nchi ina upungufu wa madawati, barabara za mashambani hazipitiki masika, na zahanati zinahitaji dawa leo, si utafiti wa keshokutwa. Hoja hiyo siidharau. Mtu mwenye homa hawezi kuambiwa asubiri jeni la mbu. Lakini mkulima mwenye njaa hali mbegu zote. Anajinyima kidogo, kwa sababu anajua kwamba atakayekula mbegu atakula mara moja tu. Utafiti ni mbegu. Tukiula wote katika matumizi ya leo, kila ugonjwa mpya utatukuta tukiwa wapangaji katika elimu ya wengine.

Niruhusuni niseme jambo dogo la kwangu. Mimi ni mwandishi wa habari, si mtaalamu wa viumbe. Katika shule niliyosoma, ambayo sitaitaja, maabara ilikuwapo na hadubini ilikuwamo. Lakini kabati lilifungwa, na ufunguo ulitunzwa vizuri sana. Tuliiona hadubini siku ya mtihani. Wengi wetu hatukujua jicho liwekwe wapi. Aliyefunga kabati hakuwa mtu mbaya. Aliogopa itavunjika, na ikivunjika angeulizwa yeye. Lakini hadubini isiyovunjika kwa sababu haikutumika haina tofauti na hadubini iliyovunjika. Mimi nikaenda zangu kusoma sanaa. Sijuti, lakini nimewahi kujiuliza ni wangapi darasani mwetu walifungiwa pamoja na ile hadubini.

Kwa hiyo nina maombi matatu.

Kwa walimu: msisubiri maabara. Chukueni chupa ya kioo, chota maji ya dimbwi yenye viluwiluwi vya mbu, funikeni kwa kitambaa cha chandarua. Waonyesheni wanafunzi kwamba kiluwiluwi cha mbu wa malaria hulala sambamba na uso wa maji, na kile cha mbu wa matende huning'inia kichwa chini. Wahesabu siku mpaka mbu aruke. Wa Kyela, penye joto, walinganishe siku zao na wa Mafinga, penye baridi, wataona kwa macho yao kwa nini malaria ni nyingi kando ya ziwa kuliko mlimani. Somo hilo halihitaji fungu la fedha. Linahitaji mwalimu anayeamini kwamba kazi yake si makombo.

Kwa watumishi wa serikali: barua ya mtafiti anayeomba kibali, gari au mafuta ya kwenda mtoni isilale mezani. Inzi hangoji faili. Msimu wake ukipita, mwaka umepita. Na ninyi mnaohusika na fedha za shule, ulizeni katika ukaguzi wenu si tu kama hadubini ipo, bali imetumika mara ngapi.

Kwa vyuo vyetu vya huku, Mkwawa hapa Iringa na vile vya Mbeya, pamoja na watafiti wa Tukuyu na wa kilimo wa Uyole: ninyi mko katika eneo moja lenye ua, mto, mdudu, kiwanda na darasa. Ni nchi chache duniani zilizojaliwa kuwa na vitu hivyo vyote katika mwendo wa siku moja kwa basi. Mwalimu mwanafunzi wa Mkwawa aende Mafinga akaone pareto ikikamuliwa kabla hajaenda kuifundisha. Mtafiti wa Tukuyu aitwe darasani. Mtu wa kiwandani aulizwe na wanafunzi maswali magumu.

Taifa hili lilipopata uhuru lilitaja maadui watatu: ujinga, maradhi na umaskini. Watu wengi tumewagawa maadui hao kama tunavyogawa wizara: huyu wa elimu, huyu wa afya, huyu wa viwanda. Maadui wenyewe hawajagawanyika. Mtoto mwenye malaria hakosi tu afya. Anakosa shule, na baba yake anauza debe la mahindi kununua dawa iliyotengenezwa mbali. Wao hushambulia pamoja, nasi tunawakabili mmoja mmoja.

Maisha ya yule mtaalamu wa mbu yanatuonyesha kwamba yawezekana kuwakabili pamoja. Jumatatu asubuhi, katika shule fulani ya Rungwe au ya Kilolo, mwalimu wa baiolojia ataingia darasani na ufunguo wa kabati mfukoni. Namwomba aufungue.